Paul Robeson: sauti iliyonyimwa pasiporti

Kuko waimbaji wengi ambao sauti yao ilisikika dunia nzima. Lakini kuko mmoja ambaye serikali ya inchi yake ilimfungia mipaka miaka 8. Hakuiba, hakuua, hakuna tribinali iliyomhukumu. Alisema tu mambo ambayo wakubwa hawakupenda kusikia. Huyo njo Paul Robeson, Mmarekani mweusi, mwimbaji na mchezaji wa teatre na wa sinema. Wazee wanaopenda muziki wanamjua. Vijana wengi hawajasikia hata jina lake, na ile haikuja bure: watu walifanya kazi ili jina hilo lisahauliwe.

Mtoto wa mtumwa aliyetoroka

Paul alizaliwa tarehe 9 mwezi wa 4 mwaka wa 1898 ku Princeton, mu jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa mu mashamba ya North Carolina. Akiwa bado kijana alitoroka, akakimbilia upande wa kaskazini, akasoma mpaka akamaliza universite, akakuwa pasta. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alikuwa mwalimu. Mu mwaka wa 1904 moto wa jiko ulishika nguo yake, akafa. Paul hakuwa bado ametimiza miaka 6.

Mbele ya ile msiba, wakubwa wa kanisa walikuwa wamekwisha kumuondosha baba mu kazi yake. Yule mzee aliyesoma Kilatini na Kigiriki alianza kuzoa majivu ya nyumba za watu na kuendesha gari la farasi. Watoto hawakumsikia akilalamika. Baadaye alipata tena kanisa ingine. Jioni alimkalisha Paul mbele yake na kumfundisha kusema mbele ya watu: kutamka kila neno sawasawa, kujua pa kupumua, pa kupandisha sauti na pa kuishusha. Mtu akiuliza ile sauti ya Robeson ilitengenezwa wapi, jibu njo hilo: mu nyumba ya pasta maskini.

Mu mwaka wa 1915 Paul alishinda mtihani uliompa masomo ya bure ku universite ya Rutgers. Kwa ile wakati alikuwa paka yeye peke yake mwanafunzi mweusi pale. Alikuwa mrefu na mwenye kifua kipana, akataka kuingia mu ekipe ya mpira wa Kimarekani, ule wanaobeba kwa mikono na kuangushana. Siku ya kwanza ya mazoezi, wachezaji wa ekipe yake mwenyewe walimpiga mpaka wakamvunja pua na kumtegua bega. Alilala kitandani siku nyingi, kisha akarudi. Mmoja akamkanyaga mkono na kiatu chenye misumari. Hapo alikasirika, akamuinua yule juu kama mfuko wa unga, tayari kumbwaga chini. Mwalimu wa ekipe akapiga kelele kwamba Robeson amekwisha kuingia mu ekipe. Mu 1917 na 1918 walimtaja kati ya wachezaji bora wa Marekani yote. Na mu masomo? Mu 1919 alimaliza kati ya wa kwanza wa kalasi, na yeye njo walimchagua kutoa hotuba ya mwisho. Baba yake hakuiona ile siku. Alikufa mwaka uliotangulia.

Avoka aliyeacha ofisi

Kutoka hapo Paul aliingia mu shule ya sheria ya universite ya Columbia, ku New York. Juu ya kulipa masomo alicheza mpira wa kulipwa siku za juma na yenga. Mu 1921 alioa Eslanda Goode, bibi mwenye akili kali aliyefanya kazi mu laboratware ya hopitali. Tuseme ukweli: bila Eslanda hakuna Robeson tunayemjua. Yeye njo alimsukuma ku teatre, alipanga safari, alisoma mikataba, alihesabu franga.

Mu 1923 Paul alipata diplome ya sheria, akapata kazi mu ofisi ya maavoka. Siku moja alimuita sekretere mzungu aandike barua. Sekretere alikataa: yeye hawezi kuandika maneno yanayotoka mu kinywa cha mtu mweusi. Robeson alivaa kofia yake, akatoka, na hakurudi tena mu kazi ya sheria.

Alienda wapi? Ku mchezo wa kuigiza. Mu 1924 alicheza mu kazi mbili za Eugene O'Neill, mwandishi mkubwa wa Marekani. Mu moja alikuwa mume mweusi wa bibi mzungu, na mbele hata ya kufungua pazia barua za kutisha zilikuwa zinafika. Alicheza vilevile.

Kisha ikaja muziki. Tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka wa 1925, mu teatre moja ya Greenwich Village, ku New York, Robeson alisimama pamoja na mpiga piano Lawrence Brown. Usiku mzima waliimba nyimbo za watu weusi peke yake: nyimbo za kanisa zilizotoka mu utumwa, na nyimbo za kazi. Mbele ya pale, mwimbaji mweusi aliyetaka heshima alianza na nyimbo za Wataliani na Wajeremani, na zile za babu zake aliziweka ku mwisho, kama matunda kisha chakula. Robeson na Brown walizifanya chakula chenyewe. Watu walijaa, wengine wakakosa nafasi. Ile sauti nzito, ya chini, yenye joto, ilionyesha kwamba wimbo wa mtumwa unaweza kusimama mu chumba kimoja na muziki wa mabwana.

Ku London, anajifunza Kiswahili

Mu 1928 walimuita London kucheza mu Show Boat. Wimbo wake wa mto Mississippi ulimfanya ajulikane kila pahali. Alikaa Uingereza zaidi ya miaka 10. Mu 1930 alicheza Othello wa Shakespeare, mu inchi ambamo wazungu waliojipaka rangi njo walizoea kucheza ile nafasi.

Sasa sikilizeni, nyinyi wenye kusema Kiswahili. Mu 1934 huyu mtu maarufu, mwenye konseri na filme, alijiandikisha kama mwanafunzi ku ile shule ya London inayofundisha lugha za Mashariki na za Afrika. Kati ya lugha alizojifunza kulikuwa Kiswahili chetu. Ku Marekani walimfundisha kwamba Afrika ni pori, kwamba mababu zake hawakuwa na kitu. Yeye alipofungua vitabu vya lugha za kibantu alikuta mpango, methali, mawazo marefu. Alikutana na wanafunzi na wafanyakazi wa Afrika waliokaa London, pamoja na Jomo Kenyatta wa Kenya. Toka hapo alijiita Mwafrika bila haya.

Lakini mapenzi ya Afrika yalimuingiza pia mu mutego. Wenye sinema Alexander na Zoltan Korda walimuita acheze chifu Bosambo mu Sanders of the River. Walikuwa wametuma kamera mu Afrika, wakarudi na picha za ngoma na nyimbo za kweli. Robeson alifurahi: kumbe mwishowe dunia itaona Afrika yenye heshima! Kenyatta mwenyewe alisimama mu ile filme kati ya watu wa nyuma, ili apate franga kidogo. Mu 1935 filme ilipotoka, ilikuwa wimbo wa kusifu koloni: mkubwa mzungu mwenye hekima, na watu weusi kama watoto wanaogombana akiondoka. Bosambo wa Robeson alikuwa mtumishi mwaminifu mwenye kuvaa ngozi ya chui.

Alisikia haya. Alikuwa ametoa sauti yake na mwili wake, na sasa ilikuwa mu mikono ya wengine. Alisema wazi kwamba alidanganywa, na miaka iliyofuata alianza kudai haki ya kuona kazi yote mbele ya kukubali. Hata hivi hakufaulu kila mara. Mu 1942, kisha filme ingine iliyochekesha watu na umaskini wa weusi, aliaga sinema kabisa.

Filme moja aliipenda mpaka mwisho: The Proud Valley, ya 1940. Hadithi yake ilianzia mu barabara ya London. Siku moja mu majira ya baridi, mwanzoni mwa mwaka wa 1929, Robeson alisikia wanaume wanaimba. Walikuwa wafanyakazi wa mungodi wa makaa ya mawe, waliotembea kwa miguu toka inchi ya Wales juu walikosa kazi. Alijiunga nao na kutembea, akawaimbia, akawasaidia kurudi kwao na treni. Urafiki ule ulidumu maisha yote. Mu filme anakuwa mfanyakazi mweusi anayefika Wales, anakubaliwa juu ya sauti yake, na mwisho anakufa chini ya udongo ili wengine wapone. Hapa kwetu, mu inchi ya mangodi, hakuna haja ya kufasiria: chini kule giza ni moja kwa wote.

Othello na kelele za makofi

Mu 1938 alienda Spania mu vita, kuwaimbia askari waliopigana na Franco. Alikuwa amekwisha kusadiki kwamba msanii hana ruhusa ya kukaa katikati: ao anasimama upande wa uhuru, ao upande wa utumwa. Wimbo wa Mississippi pia aliugeuza. Ulikuwa wimbo wa mtu aliyechoka kuishi na mwenye kuogopa kufa. Yeye alibadilisha maneno, mtu akakuwa mwenye kupigana mpaka siku ya mwisho.

Mu 1939 alirudi Marekani. Tarehe 19 mwezi wa 10 mwaka wa 1943 alipanda jukwaa la Broadway kama Othello. Mtu mweusi anamshika mkono na kumbusu bibi mzungu mbele ya watu, mu inchi ambamo mweusi aliweza kuuawa juu ya kumuangalia tu! Mchezo ulionyeshwa mara 296. Hakuna kazi ya Shakespeare iliyofikia ile hesabu Broadway. Walipozunguka mu miji ingine alikataa kucheza pahali ambapo weusi walikalishwa mbali na wazungu.

Alikuwa sasa ku kilele. Mu mwaka mmoja alipata zaidi ya dola 100.000. Angeweza kunyamaza na kula. Lakini alikuwa mkubwa wa Baraza la Mambo ya Afrika, lililodai uhuru wa makoloni. Mu 1946 alienda kumuona Prezida Truman, akamuomba sheria dhidi ya wazungu waliokuwa wananyonga watu weusi bila hukumu. Walisemana kwa ukali. Mwaka ule mmoja Eslanda alizunguka mu Afrika ya kati, mu makoloni ya Wafaransa na mu Kongo ya Wabelgiji, kuona na macho yake namna watu wanaishi.

Milango inafungwa

Mu mwezi wa 4 wa 1949 Robeson alisema mu mkutano wa amani ku Paris. Magazeti ya Marekani yalieneza kwamba alitangaza weusi hawatapigana kamwe na Urusi. Maneno yalikuwa yamegeuzwa, lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Konseri 85 zilifutwa. Mwezi wa 8, ku Peekskill, karibu na New York, watu wenye fimbo na mawe walizuia konseri yake. Tarehe 4 mwezi wa 9 alirudi pale pale, akaimba, huku wafanyakazi wa sendika wamesimama wakimzunguka kama ukuta. Watu walipoondoka, mawe yalinyesha juu ya motokari na mabisi. Zaidi ya watu 140 waliumia. Polisi waliangalia.

Mu 1950 serikali ilimnyang'anya pasiporti. Alipopeleka mambo ku tribinali, maavoka wa serikali waliandika, kati ya sababu zao, kwamba huyu mwimbaji anashughulika sana na uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Tusiisahau ile sababu. Ni juu yetu pia walimfungia.

Ndani ya inchi nyumba za konseri zilimkatalia, disiki zake ziliondoshwa mu magazini, radio na televizio zikanyamaza. Hata mu vitabu vya mpira jina lake lilifutwa. Mapato yake yalianguka mpaka dola elfu chache kwa mwaka. Aliimba mu makanisa ya weusi, ambako mlango haukufungwa.

Lakini alikuwa mjanja. Mu 1952 wafanyakazi wa mangodi wa Kanada walimualika, na polisi wa mpaka wakamrudisha. Basi akapanda juu ya kamio, akasimama upande wa Marekani mita chache na mpaka, akaimba. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika pande zote mbili. Mguu haukuvuka, sauti ilivuka. Mu 1957 walitumia telefoni: waya mpya ulipita chini ya bahari, na yeye akiwa New York aliwaimbia watu wa London, kisha watu wa mungodi wa Wales waliojaa mu chumba kikubwa ku Porthcawl. Nao wakamjibu na wimbo.

Alipoitwa mbele ya komite ya wadeputé mu 1956, walimuuliza kwa nini haendi kukaa Urusi. Aliwajibu kwamba baba yake alikuwa mtumwa, watu wake walikufa wakijenga ile inchi, na hataondoka.

Kosa lake

Ingekuwa vibaya kuandika maisha ya mtu na kuficha kidonda. Robeson aliipenda Urusi juu kule, mara ya kwanza mu 1934, alisikia kwamba anatembea kama mtu mzima, bila kutukanwa rangi yake. Ile mapenzi ilimfunga mdomo. Mu 1949, ku Moscow, aliomba kumuona rafiki yake, mshairi Myahudi Itzik Feffer. Feffer alikuwa mu gereza. Walimtoa, wakamvalisha, wakamleta ku hoteli. Kufuatana na hadithi ya mtoto wa Robeson, Feffer alimfahamisha kwa alama za mikono kwamba Wayahudi wanakamatwa na wanauawa. Siku zile Robeson aliimba mu konseri, kwa lugha ya Wayahudi, wimbo wa wapiganaji wa Warsaw. Wenye masikio walifahamu. Lakini aliporudi Marekani alikana mbele ya waandishi kwamba kuko mateso. Aliogopa kuwapa silaha adui za watu wake. Mu 1952 Feffer alipigwa risasi. Mwaka ule ule Robeson alipewa zawadi yenye jina la Stalin, na hakuikataa. Mtu mmoja anaweza kuwa shujaa mbele ya mkubwa mmoja na bubu mbele ya mwingine.

Siku za mwisho

Mu mwezi wa 6 wa 1958 tribinali kubwa ya Marekani iliamua kwamba serikali haina ruhusa ya kunyima mtu pasiporti juu ya mawazo yake. Robeson, mwenye miaka 60, akapanda ndege. Mwisho wa mwaka ule Eslanda alikuwa Accra, ku mkutano mkubwa wa Waafrika, pale ambapo Patrice Lumumba wetu alijulikana mbele ya Afrika. Mu 1959 Robeson alicheza Othello mara ya mwisho, ku Stratford, mji wa Shakespeare. Mu 1960 alifika Sydney, Australia. Nyumba kubwa ya opera ilikuwa bado inajengwa. Alipanda kati ya vyuma na simenti, akawaimbia mafundi saa ya chakula chao. Ni yeye msanii wa kwanza aliyeimba pale, mbele ya mlango kuwekwa.

Kisha mwili na roho vilichoka. Mu 1961, ku Moscow, alijaribu kujiua. Ku London madaktari walimpitisha umeme ku kichwa mara nyingi. Mu 1963 alirudi Marekani, kimya. Eslanda alikufa mu 1965. Paul alienda kukaa ku dada yake Marian, ku Philadelphia, na hakuimba tena mbele ya watu. Pale njo alikufa, tarehe 23 mwezi wa 1 mwaka wa 1976, na miaka 77. Walimuombea ku Harlem, mu kanisa ambalo kaka yake Benjamin alikuwa pasta. Maelfu ya watu walikuja mu mvua.

Mu 1995, miaka 19 kisha kufa kwake, wenye mpira walimkubali mwishowe mu nyumba ya wachezaji wao wakubwa. Mu 2004 posta ya Marekani, ile ile serikali iliyomfungia mipaka, ilitoa tembre yenye sura yake. Sasa sura yake inaweza kuvuka mipaka yote, imebandikwa ku barua, bila kuomba ruhusa. Na sauti yake iko mu disiki. Mwenye kuipata aisikilize, kisha awaambie watoto kwamba huyu mtu alijifunza lugha yetu.